Mahali Aliposimama Uwamahoro

Mjini Gisenyi watu walimjua Viateur kwa milango. Mlango alioutengeneza yeye haukuvimba wakati wa mvua wala haukulia wakati wa kiangazi, na waliohama mtaa walionekana wakiung'oa na kwenda nao. Lakini ukimuuliza yeye mwenyewe ni kazi ipi anayoionea fahari, hakutaja mlango. Alipangusa kwanza unga wa msumeno kwenye nyusi, kisha akasema kwamba yapo masanduku mawili ya mbao ya libuyu, mti mgumu wa msituni, aliyoyatengeneza zamani, na kwamba hayapo hapa, yapo ng'ambo.

Ng'ambo ni Goma, mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwake kupitia barieri ndogo, kizuizi cha mpakani cha kuingilia nchi jirani. Na masanduku hayo yalikuwa spika.

Aliyeziagiza alikuwa daktari Mbelgiji aliyeishi katika nyumba ya kando ya ziwa miaka ya themanini. Daktari huyo alipenda muziki kuliko chakula, naye alikuwa na amplifaya ya taa, ya enzi ambayo mashine za sauti zilikuwa nzito kama cherehani: sahani ya chuma, juu yake taa nne za kioo zilizong'aa rangi ya kaa la moto zikishapata joto, na nyuma ya taa transfoma mbili, moja ya upande wa kushoto na moja ya upande wa kulia. Nguvu yake ilikuwa wati nane kila upande. Balbu ya chooni ilikula zaidi.

“Viateur,” Daktari alimwambia, “huyu ni mwimbaji mwenye koo zuri na mapafu madogo. Ukimpeleka uwanjani hasikiki. Tumjengee nyumba inayomwitikia.”

Nyumba hiyo ndiyo yale masanduku. Yalimfika mtu mzima kifuani. Ndani hayakuwa matupu. Viateur aliyatengenezea njia ndefu, nyembamba mwanzoni na pana mwishoni, kama pembe iliyokunjwa mara kadhaa, ili sauti itokayo nyuma ya koni ndogo ya karatasi itembee njia nzima na kutokea chini ikiwa imekua. Kabla ya kuziunga mbao alizigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, na zile zilizojibu kwa mlio wa kopo akazifanya rafu. Kazi ilipokwisha, pumzi kidogo ya zile taa iliijaza sebule, hata jirani wa Daktari akaja kuuliza ni mashine gani kubwa iliyonunuliwa.

Noeli ya mwaka 1989 Daktari aliomba ruhusa kwa paroko, akatundika mikrofoni mbili mbele ya kwaya, moja kila upande, akarekodi kaseti. Drocella, mke wa Viateur, aliimba katika kwaya hiyo, mkono wa kulia, pamoja na akina mama wa sauti ya pili. Binti yao wa pekee, Uwamahoro, alisimama mkono wa kushoto na wasichana wa sauti ya kwanza, na ubeti mmoja wa katikati aliuimba peke yake. Mwaka uliofuata Daktari alirudi kwao, akamwachia Viateur vyote: amplifaya, deki ya kaseti, spika, na kaseti ile.

Jumapili baada ya misa, Viateur na Drocella waliketi kwenye viti vyao viwili wakangoja taa zipate moto. Kisha jambo lilitokea ambalo Viateur, ingawa alizijua mbao zile ndani na nje, hakuacha kulistaajabia. Sauti haikutoka kwenye masanduku. Masanduku yalikuwa kama hayapo. Mbele ya ukuta mtupu, katika hewa iliyokuwa kati yake, ilisimama kwaya nzima, akina mama huku, wasichana kule, na ungeweza kumwonyesha kila mmoja kwa kidole. Uwamahoro alisimama kushoto, karibu na kabati la vyombo, mdomo wake ukiwa kimo kilekile cha mdomo wake halisi.

Siku moja binti mwenyewe aliingia kutoka jikoni, kisu cha kumenyea ndizi mkononi, akamkuta baba yake amekodolea macho mahali pasipo na kitu.

“Baba, unatazama nini?”

“Wewe.”

“Mimi niko hapa!”

“Na pale pia.”

“Basi yule wa pale ndiye amenye ndizi,” akasema, akarudi jikoni akicheka.

Mwezi wa saba mwaka 1994, vita vilipoufikia, mji ulihamia ng'ambo. Watu walibeba magodoro, mabati, mbuzi, na wengine milango ya Viateur. Drocella alikuwa na mdogo wake, Théoneste, aliyekuwa ameoa binti wa Kiislamu huko Goma, akaslimu na kufungua duka la kaseti mtaa wa Birere. Théoneste alimtuma mtu mwenye chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linalosukumwa kwa mguu, likayavusha masanduku hadi dukani. Amplifaya Viateur aliibeba mwenyewe mgongoni, ikiwa imefungwa kwa blanketi; deki na kaseti Drocella alizibeba kichwani.

Katika kambi ya wakimbizi, juu ya mawe meusi ya volkano, kipindupindu kilimchukua Uwamahoro kwa muda ambao nguo huchukua kukauka. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Waliobeba maiti walibeba wengi kwa pamoja, na shimo lilikuwa moja kwa wote. Viateur na Drocella hawakuonyeshwa mahali.

Waliporudi mwishoni mwa mwaka 1996 waliikuta nyumba ina kuta na nusu ya paa. Viateur alitengeneza milango yake mwenyewe kwa mara ya pili. Amplifaya wakaiweka juu ya kabati pamoja na deki na kaseti. Spika zilibaki kwa Théoneste. Na Viateur, aliyekosa hata kaburi la kupalilia, alijua jambo moja: duniani palikuwa bado na mahali ambapo binti yake alisimama, na mahali hapo palionekana tu pale taa zile na masanduku yale vilipokutana chini ya paa moja. Alitaka kumwona aliposimama. Hakutaka kingine.

Mtu angeuliza: basi kwa nini asiende kuyachukua?

Katika nchi ile ya ng'ombe, mwenye ng'ombe aliyekosa malisho humpeleka ng'ombe wake kwa jamaa amchungie. Mchungaji hunywa maziwa na hutumia samadi. Mwenye ng'ombe hubaki kuwa mwenye ng'ombe. Lakini haendi kusema, “Nipe ng'ombe wangu.” Huenda kumsalimia. Hupeleka zawadi, husifu pembe, hushukuru, hurudi, na mchungaji muungwana ndiye anayefungua kinywa siku moja na kusema, “Bwana, ng'ombe wako amenona, utamchukua lini?” Kuomba kabla ya neno hilo ni kumwita mtu mwizi. Viateur alilelewa hivyo kwao Nyakiriba, na spika alizikabidhi kwa shemeji yake kwa moyo huohuo. Kwa hiyo alikwenda kuzisalimia.

Alizikuta zimesimama mlangoni pa duka, moja huku, moja kule, zikitazama barabara. Zilikuwa zikiendeshwa na amplifaya ya Kijapani, ndogo, isiyo na taa hata moja. Muziki wa Kinshasa ulitoka kwa kishindo.

“Shemeji! Karibu, karibu!” Théoneste alipaza sauti kuushinda muziki. “Bafle zako hizi! Ziko zinaita watu mpaka kule rond-point!”

“Naona umezitunza. Haziko na hata mukwaruzo.”

“Mi nazipanguza kila asubui. Nawaambia watu, ni shemeji yangu alizitengeneza, haiko fundi kama yeye Goma muzima.”

“Na sauti?”

“Sauti? Yewe! Inapiga mpaka kwenye tumbo.”

Viateur aliinamisha kichwa akasikiliza. Ilipiga kweli. Lakini ilikuwa sauti iliyobandikwa juu ya mbao, kavu, na waimbaji wote walisongamana mahali pamoja kama watu waliosimama mlangoni kujikinga na mvua. Alitoa viazi alivyoleta kutoka Busasamana, wakala, wakazungumza bei ya mbao na afya ya Drocella, na muda wote alilingoja lile neno. Jioni haijafika, Théoneste alimsindikiza hadi barieri. Alimshika mkono kwa muda mrefu, akafungua kinywa kama mtu mwenye jambo, kisha akasema, “Bon. Unisalimie yaya,” maana ndivyo alivyomwita dada yake.

“Amesema?” Drocella alimuuliza alipoingia.

“Hajasema.”

“Basi sema wewe.”

“Mama Uwamahoro, ng'ombe haombwi.”

“Zile si ng'ombe. Zile ni mbao.”

“Niende kwa mdogo wako nimwambie nini? Kwamba simwamini?”

Drocella alirudi kwenye maharagwe yake. Kila baada ya miezi michache Viateur alivuka, akasalimia, akarudi na salamu.

Katika kungoja huko alijifunza jambo ambalo ingekuwa heri kutolijua. Wazee wa kwao husema nyumba isiyowashwa moto hugeuka gofu hata kama kuta zimesimama, ndiyo maana mtu akisafiri, jirani huingia kumwashia jiko. Viateur naye alianza kuziwasha taa za amplifaya siku za Jumapili, bila spika, ili unyevu wa ziwa usiizoee. Taa ziling'aa, akazitazama, akazizima. Halafu siku moja akaiunganisha na deki na kuiweka kaseti, huku akijua kwamba hakitasikika kitu. Alipenda tu kuiona ikizunguka.

Kulikuwa na mlio. Ulikuwa mdogo kama wa mdudu ndani ya kopo, na ulitoka kwenye transfoma. Chuma chenyewe kilikuwa kinaimba. Viateur aliinama, akasogeza sikio mpaka joto likamuuma, akasikia kwaya ya Noeli ikiimba mbali kabisa, kama iko chini ya ardhi. Alihamia transfoma ya kushoto. Huko akina mama walififia na wasichana wakazidi. Akaongeza sauti kwa kitufe, akafunga macho, na ubeti wa katikati ulipofika alimtambua.

Toka siku hiyo, Drocella akienda sokoni, Viateur alisikiliza chuma, siku zote upande wa kushoto.

Mtu wa kwanza kuielewa mashine ile tangu Daktari alikuwa Régis, mhandisi wa maji aliyezaliwa Uganda uhamishoni na kurudi nchini baada ya vita. Viateur alikwenda kumpachikia mlango, akaona sebuleni spika mbili nyembamba, ndefu, mbao zake zikimeta kama kioo. Régis alikuwa amezitoa Ulaya kupitia Kampala, na alizipenda kama mtu anavyompenda mtoto wa uzeeni. Viateur alipotaja amplifaya ya taa, habari ya mlango ikaisha.

“Ya taa kweli, Mzee? Unayo nyumbani na hukusema? Ilete!”

Viateur aliileta ndani ya blanketi lilelile, pamoja na kaseti. Régis aliinama nyuma yake akasoma. Palikuwa na skrubu zilizoandikwa 4, 8 na 16, na alama za nyaya za Daktari zilikuwa kwenye 16.

“Spika zako za zamani zilikaa hapa,” Régis alieleza. “Zangu zina ukinzani mdogo, lazima zikae kwenye nne. Ukikosea hapo, taa zinafanya kazi ya bure na kuchoka. Sasa tusikilize.”

Wimbo ulianza kwa upole, na Viateur alishika mikono ya kiti. Upande wa kushoto, hewani, kitu kilianza kukusanyika. Ilibaki kidogo tu Uwamahoro asimame. Kisha kwaya yote iliingia kwa pamoja, na sauti ikapasuka, ikakwaruza kama karatasi inayochanwa. Régis aliipunguza, ikabaki minong'ono, na kilichokuwa kinakusanyika kikatawanyika. Aliiongeza tena, ikapasuka tena.

“Imeharibika?” Viateur aliuliza.

“Hapana. Ampli yako ni nzuri sana, pengine kuliko yangu. Spika zangu pia si mbaya. Hawajaoana tu.” Régis alifikiri kidogo. “Mzee, wewe unajua ng'ombe. Yuko ng'ombe wa kienyeji, anakula kidogo pembeni mwa njia na maziwa anatoa. Yuko wa kizungu, mzuri, lakini bila majani ya shamba zima hasimami. Spika zangu ni wa kizungu. Ili ziimbe kwa nguvu ya hizo zako za pembe, zinataka wati kama mia tatu. Wewe una nane.”

“Nane zilitosha.”

“Zilitosha kwa mke wake. Mke wake yuko wapi?”

“Yuko Goma, kwa shemeji yangu.”

Régis alicheka mpaka akakohoa. Kisha, akiisaidia mashine kurudi ndani ya blanketi, aliongeza kwa sauti ya kawaida: “Ila jambo moja. Usije ukapiga muziki kwenye hii bila spika. Hizi mashine za siku hizi zinavumilia. Ya taa haivumilii. Ile nguvu ikikosa mlango wa kutokea inarudi ndani na kutoboa nyaya za transfoma. Na transfoma kama hizi, sijui ni nani huku kwetu angeweza kuzisuka upya.”

Viateur aliendelea kukunja pembe ya blanketi. “Inatoboa mara moja?”

“Saa nyingine mara moja. Saa nyingine inakuvumilia, unadhani umesamehewa.”

Viateur aliacha kusikiliza chuma. Aliirudisha amplifaya juu ya kabati na kuifunika kitambaa, akavuka tena kwenda kusalimia, akasifu tena, akarudi tena bila neno.

Mwezi wa nane mwaka 1998 vita vilizuka upya ng'ambo, na barieri ikafungwa. Sokoni kila mtu alikuwa na habari yake: Birere imeporwa, Birere haijaguswa, maduka ya upande ule yameungua. Drocella alisali kwa ajili ya mdogo wake. Viateur naye alimwombea, kwa kweli. Lakini katikati ya sala aliyaona masanduku yakichanwa kuwa kuni, mbao alizozigonga kwa kidole zikiwaka chini ya sufuria ya askari, na moyo ukamwambia kwamba basi, hatamwona tena Uwamahoro mahali popote.

Alijizuia kwa siku kadhaa. Alasiri moja, Drocella akiwa sokoni, aliondoa kitambaa. Alijiambia ni mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekwenda kuaga. Lakini sauti ya chini haikusikika kwenye chuma. Akaongeza. Sikio lake lilikuwa juu ya transfoma ya kushoto, na binti yake alikuwa amefika nusu ya ubeti wake, pale chuma kilipolia kama mafuta yaliyoingiwa na maji. Ukapanda moshi mwembamba wenye harufu ya lami. Upande wa kushoto ukanyamaza.

Alikuwa bado amepiga magoti Drocella alipoingia na kikapu.

“Ni nini kinanuka? Baba Uwamahoro, umefanya nini?”

“Nilikuwa namsikiliza.”

“Bila masanduku?”

“Kinaimba, hiki chuma. Kidogo. Ukiweka sikio.”

Drocella alitua kikapu. Alikaa kwenye kiti chake, bado kitambaa cha kichwani hakijafunguliwa.

“Tangu lini?”

“Tangu mwaka jana.”

“Mwaka mzima ulikuwa unamsikia,” akasema, “na mimi hukuniita?”

Viateur aliokota kitambaa na kuifunika mashine iliyokuwa bado ya moto.

Barieri ilipofunguliwa, Drocella alijifunga kitenge, akaingia katikati ya wanawake wenye mabeseni ya mboga, akavuka. Hakubeba viazi wala salamu. Alichosema huko Viateur alikisikia kwake alasiri hiyohiyo, akiwa bado amesimama sebuleni na vumbi jeusi la Goma miguuni.

Alilikuta duka zima, na mdogo wake mzima, anapanguza masanduku.

“Théoneste,” alimwambia kabla hajaketi, “mi nimekuja kuchukua zile mbao.”

“Chukua, yaya! Nani anakatala? Mi niko nangoja shemeji aseme! Kila mara anakuja, anasifu, anaenda. Nikazani hamutaki tena kuzisikia, juu ya mutoto. Nikasema, nikizitaja nitawapasua roho.”

“Na yeye alikuwa anangoja wewe useme.”

“Mungu wangu.”

“Nyinyi wanaume mungengojana mpaka siku ya ufufuo, na mungekutana kule munaulizana bei ya viazi.”

Masanduku yalifika kesho yake juu ya chukudu, yamefungwa kwa kamba za mpira, na Théoneste mwenyewe akitembea kando, mkono juu ya mbao. Alisaidia kuyaingiza, akanywa chai, na akakataa kubaki. Aliogopa kusikiliza, alisema, na hakuna aliyemshurutisha.

Viateur aliyasimamisha mahali pake pa zamani; alama za miguu yake bado zilionekana kwenye saruji. Alizirudisha nyaya kwenye 16. Hakumficha Drocella chochote: upande wa kushoto umekufa, alimwambia, na Régis ameutazama na kutikisa kichwa. Taa zikapata moto.

Sanduku la kulia liliimba. Kwa miaka mingi Viateur hakuwa amesikia mbao zake zikipumua hivyo, laini, bila jasho, na machozi yalimtoka kabla hajajua anasikiliza nini. Alikuwa anasikiliza akina mama. Wasichana walikuwa mbali, kama wako nje ya kanisa, na ubeti wa katikati ulipita nyuma ya ukuta.

“Huyo ni mimi,” Drocella alisema.

“Ndiyo.”

“Nilikuwa na sauti, kumbe.”

“Ulikuwa nayo.”

Alisikiliza hadi mwisho wa ubeti. “Toa,” akasema. “Mimi niko hapa. Anayetaka kunisikia ataniambia niimbe. Mlete mtoto.”

Viateur alizima, akautoa waya wa kushoto wa deki na kuuchomeka kwenye tundu la kulia. Kilichobebwa na mikrofoni ya kushoto sasa kingepita katika upande uliokuwa hai. Akarudisha kaseti nyuma, akawasha, akaketi.

Wasichana waliingia karibu, karibu mno, pumzi zao zikisikika kabla ya maneno. Na Uwamahoro alipoanza ubeti wake alikuwa mzima, na ile njia yake ya kulivuta neno la mwisho kama asiyetaka kuliachia. Drocella alijishika mdomo. Viateur alitazama hewani, penye kabati la vyombo. Palikuwa patupu. Akatazama tena.

“Hayupo,” alisema.

“Si huyo anaimba?”

“Yuko ndani ya sanduku, Mama Uwamahoro. Hajasimama. Zamani alisimama nje, pale. Lazima yawe mawili ndipo asimame. Mimi nimeliua moja.”

Drocella alimtazama mumewe, akalitazama sanduku lililoimba kule kulia, halafu akainuka na kukaza kitenge kiunoni.

“Kwani sanduku lina mizizi?”

“Unasema nini?”

“Kama yuko ndani yake, basi tulipeleke aliposimama. Shika huko.”

Walilisukuma wawili, wakiupitisha waya chini ya meza, mwanamke akivuta na mwanamume akiegemeza bega, na kaseti iliendelea kuimba mikononi mwao. Walipofika mbele ya kabati Viateur alisimama.

“Hapa.”

“Hapa nini? Bado. Vuta mpaka dirishani.”

“Dirishani kwa nani? Alikuwa hapa, kando ya kabati. Nimemtazama kila Jumapili.”

“Na mimi nilikuwa nimefumba macho? Alikuwa chini ya dirisha. Nilikuwa namwona na mwanga begani.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku zote!”

Viateur alitaka kubisha, kisha akageuka na kuvitazama viti. Kimoja kilikuwa katikati ya chumba, chake. Kingine kilikuwa kushoto zaidi, karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu Drocella alipenda kuwa karibu na chungu. Seremala alipima kwa macho umbali wa kila kiti hadi kila sanduku, akaelewa. Aliyeketi kushoto alilisikia zaidi sanduku la kushoto, na kwaya yote ilimsogelea upande huo. Kwa miaka yote ile walikuwa wameketi pamoja wakimtazama binti mmoja mahali pawili, na hakuna aliyewahi kunyoosha kidole kumwonyesha mwenzake. Na sasa, kwa sanduku moja, hakuna ambaye angeweza kuketi kwenye kiti cha mwingine akaona.

Alimweleza. Alimweleza polepole, kama Régis alivyomweleza yeye habari za wati.

“Kwa hiyo hakuna aliyekosea,” alisema mwishowe.

“Hakuna.”

“Basi?”

Viateur aliitazama ile nafasi kando ya kabati, hewa aliyokuwa ameitamani tangu kambini, na akaiacha. Akarudi nyuma ya sanduku, akaweka bega. Walilisukuma mpaka chini ya dirisha, ambako mwanga wa alasiri uliiangukia libuyu upande mmoja, juu, penye kimo cha bega la msichana. Kisha akachuchumaa mbele yake kulinyoosha, akitafuta usawa wake kwa kidole kama anavyoutafuta mlangoni.

“Rudisha kaseti mwanzo,” Drocella alisema kutoka kwenye kiti chake. “Na usogee hapo. Umemziba.”